Wawili juu ya pikipiki moja: Dar hadi Tanga na Pangani, Pasaka ya masika

Karibu pikipiki zote za cc 125 na 150 zinazotembea mitaani kwetu zina uzito wa kilo 110 hadi 130 zikiwa na mafuta. Weka juu yake mtu wa kilo 75, mwenza wa kilo 60, mabegi, makoti ya mvua na spana, tayari ni kilo 150. Mzigo umekizidi chombo. Siku ya jua hilo halionekani sana, kwa sababu lami inashika na kosa dogo la breki linapita bila kujulikana. Masika yakianza, linaonekana kila mahali: kwenye breki, kwenye cheni, kwenye taa, hata kwenye namna ya kupanda tuta. Ushauri mwingi wa kuendesha kwenye mvua hutolewa kwa mtu aliye peke yake. Huu ni wa wawili, na ni wa njia moja tu: Dar es Salaam hadi Tanga kupitia Bagamoyo na Msata, kisha Pangani kama mvua itaruhusu.

Tumechagua Pasaka kwa sababu ina siku nne mfululizo, Ijumaa Kuu hadi Jumatatu. Muungano na Mei Mosi nazo ziko karibu, ila urefu wa mapumziko yake hutegemea zimeangukia siku gani ya wiki. Kwa mapumziko ya siku tatu kwenye mvua, sisi tungeishia Bagamoyo. Tanga kwa siku tatu ni kwenda kuona barabara tu.

Njia, na ile ya kuacha

Mwenge hadi Bagamoyo ni kilomita 60 hivi. Bagamoyo hadi Msata ni 64, Msata hadi Segera kama 130, Segera hadi Tanga mjini 70 na kitu. Jumla inakaribia 330. Kwa watu wawili kwenye mvua, pamoja na kusimama, pigeni hesabu ya kilomita 40 kwa saa. Anayewaambia kwamba yeye hutumia saa tano alikuwa peke yake, tena kiangazi.

Mpango tunaoupenda ni kutoka Dar Ijumaa mchana na kulala Bagamoyo. Kipande cha Tegeta, Bunju na Mapinga ndicho kigumu kuliko vyote, kwa daladala zinazokata ghafla kuingia kituoni, bodaboda wanaotokea kushoto na maji yaliyosimama pembeni yasiyoonyesha kina. Afadhali kipewe siku yake mkiwa hamjachoka. Jumamosi mnabaki na kilomita 270. Mkitoka saa moja asubuhi, Segera mnafika kabla ya saa sita kama mambo ni shwari. Wekeni na saa ya mwisho: ikifika saa tisa mchana na bado hamjaiona Segera, tafuteni gesti pale mlipo. Mkata wanalaza wageni, Kabuku pia, na Segera yenyewe. Jua la Aprili huzama saa kumi na mbili na robo hivi, lakini chini ya wingu zito giza huingia mapema, na mashimo yenye maji hayaonekani kabisa kwa taa ya pikipiki.

Kwenye ramani kuna njia nyingine inayotamanisha, ya Makurunge, Saadani, Mkwaja hadi Pangani, bahari ikiwa upande wa kulia. Masika iacheni. Udongo wa kule ni ule mweusi wa mfinyanzi, ambao ukilowa hujazana kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Mtu mmoja hushuka, akachokoa tope kwa kijiti, akasukuma, na baada ya mita hamsini anaanza upya. Lami inajengwa kwa vipande, lakini kipande cha lami katikati ya tope hakimsaidii mtu. Tena mnapita ndani ya hifadhi ya taifa yenye tembo na nyati, ambako kukwama mkiwa juu ya pikipiki si jambo la kuchekea.

Kuhusu mvua yenyewe: masika ya pwani hupenda kumwaga usiku na alfajiri, kisha kukawa na mwanya kuanzia katikati ya asubuhi. Si sheria, lakini hutokea mara nyingi kiasi cha kufaa kupangia. Kama saa moja inanyesha kwa nguvu, kunyweni chai msubiri hadi saa tatu. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) zina ngazi tatu, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kwenye angalizo mnaweza kwenda kwa akili. Kwenye tahadhari mkae nyumbani, hata kama gesti imeshalipiwa. Vipindi hivi vya sikukuu vina historia yake: Aprili 2021 kimbunga Jobo kilielekea pwani yetu wikiendi ya Muungano na bahati nzuri kikapungua nguvu kabla ya kufika. Mei 2024 Hidaya hakikupungua kiasi hicho, kikaja siku chache baada ya Mei Mosi, na mvua zake zikaikata barabara ya Lindi.

Chombo

Anzeni na upepo wa tairi. Pikipiki nyingi za aina hii zina stika kwenye kava la cheni, na namba za kawaida ni psi 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, 32 nyuma mkiwa wawili. Pimeni asubuhi tairi likiwa la baridi. Kuna watu wanaopunguza upepo kwenye mvua "ili lishike". Kwenye mchanga na tope wana haki. Kwenye lami ni kinyume, kwani tairi laini hujikunja, mifereji yake hujibana na maji hayapati pa kutokea. Kama kashata (meno) za tairi la nyuma zimebaki chini ya milimita 2, nunueni jipya wiki moja kabla, si siku ya safari, maana tairi jipya lina utelezi wa kiwandani unaohitaji kilomita mia moja hivi za mwendo wa taratibu kuisha.

Shokapu za nyuma zina ngazi za kukaza chini ya springi. Ikiwa hujawahi kuzigusa, huenda ziko ngazi ya kwanza. Zipandisheni ngazi mbili au tatu, pande zote mbili sawa. Msipofanya hivyo nyuma inakaa chini, mbele inakuwa nyepesi, na usukani unaanza kuelea hasa mnapokata kona kwenye lami iliyolowa. Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba nyuma ikishuka, taa ya mbele inatazama juu. Mnawapofusha wanaokuja, na mita kumi za mbele yenu zinabaki giza. Kaeni wote wawili na mizigo, elekezeni taa ukutani, kisha legezeni nati za taa mkaishushe.

Cheni ndiyo inayoonewa zaidi. Cheni iliyokazwa vizuri pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa hukaza zaidi mkishakaa wawili, kwa sababu shokapu zikibonyea umbali kati ya sproketi mbili huongezeka. Kwa hiyo acheni mchezo wa sentimita 3 katikati ya cheni, upande wa chini, na baada ya kukaa wote wawili mtu wa tatu aikague: lazima bado icheze angalau sentimita moja. Ikiwa imekaza kama waya, itakula beringi ya sproketi ndogo au itakatika, na cheni iliyokatika huweza kujisokota na kupasua ukuta wa injini. Mvua inaosha mafuta ya cheni ndani ya saa mbili tatu. Pakeni oili ya gia namba 90 jioni, cheni ikiwa bado ya moto, oili ipenye ndani ya viungo usiku kucha, na asubuhi mfute iliyozidi. Ukipaka asubuhi ukaondoka papo hapo, oili yote inarukia rimu na tairi.

Breki za ngoma zikiingia maji hupoteza nguvu, halafu zikikauka hurudi ghafla. Hiyo ghafla ndiyo inayoangusha watu. Baada ya kupita dimbwi, bonyezeni breki ya nyuma kidogo sana huku mkivuta mafuta, kwa mita mia moja au mbili, mpaka msikie imeshika. Kabla ya safari hakikisheni mkono wa breki nyuma ya ngoma haujavuka alama ya mwisho wa breki shuu. Breki shuu mpya ni bei ya chakula cha mchana. Kama mbele mna breki ya diski, ivuteni kidogo kila baada ya dakika chache ikinyesha, ifute utando wa maji.

Upande wa umeme, adui ni kofia ya plagi. Yenye ufa hufanya kazi mwaka mzima, ikilowa moto wa plagi unatorokea kwenye injini na pikipiki inaanza kukohoa. Ufa huo unaonekana usiku: washeni gizani, nyunyizeni maji kidogo kwenye kofia, mkiona cheche za buluu nje yake, nunueni nyingine. Mafuta kidogo ya mgando kuzunguka mdomo wa kofia huzuia maji kupenya. Ongezeni pia kipande cha mpira mwishoni mwa madigadi ya mbele, kifike sentimita 10 juu ya lami. Bodaboda wengi wanacho na wanajua kwa nini: bila hicho gurudumu la mbele linamwagia plagi maji safari nzima.

Vya kubeba: spana namba 10, 12, 14 na 17, spana ya plagi, ile inayoingia nati ya ekseli yenu ya nyuma (jaribuni nyumbani, msikisie), plaizi, bisibisi, plagi moja, kiungo cha kufungia cheni, waya wa klachi, fyuzi mbili, tepu nyeusi ya umeme, vyuma viwili vya kutolea tairi, viraka, pampu ya mkono na tyubu moja. Kama rimu zenu zote mbili ni za nchi 17, tyubu iliyoandikwa 2.75/3.00 inaingia mbele na nyuma, kwa hiyo moja inatosha. Pancha huongezeka kwenye mvua kwa sababu maji hulainisha mpira na msumari unapenya kwa urahisi kuliko kwenye tairi kavu. Vile vile maji ya mitaroni huzoa misumari yote ya mji na kuileta barabarani.

Mizigo iwe chini na iwe mbele kadiri inavyowezekana. Kila kilo mnayoifunga nyuma ya ekseli ya nyuma inanyanyua gurudumu la mbele. Mabegi mawili ya pembeni ni bora kuliko fuko moja refu kwenye keria. Na kama mnataka sanduku lisiloingiza maji bila kununua la bei mbaya, chukueni ndoo ya rangi ya lita 10 yenye mfuniko wa kubana, ioshwe vizuri, ifungwe kwenye keria kwa mipira ya tyubu. Nyaraka, simu, chaja na nguo moja kavu kwa kila mtu vinakaa humo. Mwisho wa mpira ufungwe fundo na kukatwa. Mkia wa mpira unaoning'inia utaifuata cheni.

Wa nyuma ana kazi

Hakuna sheria inayosema mwanamume ndiye aendeshe. Mwenye leseni ya daraja A na mkono mtulivu kwenye breki ndiye dereva. Ila kama mnaweza kuchagua, mzito akae mbele. Pikipiki yenye mzito nyuma husumbua kila mnapoondoka kwenye mlima na kila mnaposimama kwenye mteremko.

Kwanza mavazi. Koti na suruali ya mvua, vipande viwili, si lile joho la nailoni la kutumbukiza kichwa. Joho likishika upepo linampofusha dereva, na likishuka pembeni linaingia kwenye sproketi. Kwa sababu hiyo hiyo dera, kanga, baibui na mtandio mrefu viende ndani ya begi, au ndani ya suruali ya mvua kabisa, na kukaa upande kusiwepo, hata kwa umbali mfupi. Mwavuli msifikirie. Kwa upepo wa Aprili wa pwani, mwavuli ni tanga, na chombo chenu hakina mkuku.

Kuna usumbufu mmoja wa wawili ambao hauandikwi popote. Maji yanayoshuka kwenye mgongo wa dereva hukusanyika kwenye siti kati yenu na kumlowesha wa nyuma mapajani, hata suruali iwe nzuri vipi, kwa kuwa yanaingilia kwenye zipu. Koti la wa nyuma lishuke nje ya suruali, na taulo dogo likunjwe pale katikati, likamuliwe kila mnaposimama. Viatu ni mabuti ya mpira. Kama ni raba, vaeni soksi, juu yake mfuko wa nailoni, kisha raba. Glavu za kuoshea vyombo juu ya glavu nyembamba za pamba zinatosha kabisa kwa joto la pwani, lakini msiende bila kitu. Nyuzi 24 mkiwa mmelowa na upepo wa kilomita 60 kwa saa hufanya vidole viwe vizito, na vidole vizito huchelewa kwenye klachi na breki. Kioo cha kofia kipakwe sabuni ya kipande kwa ndani, kisha kisuguliwe kwa kitambaa kikavu mpaka kionekane safi. Utando unaobaki unazuia ukungu kwa saa kadhaa.

Wa nyuma anapanda baada ya dereva kusema "panda", miguu yote ya dereva ikiwa chini na breki ya mbele imeshikwa. Akishakaa, miguu yake inabaki kwenye vikanyagio hata mkisimama. Kusaidia kwa kushusha mguu mmoja kunavuta pikipiki upande huo. Kwenye kona anaangalia juu ya bega la dereva la upande wa kona, basi, mwili unafuata wenyewe. Dereva anapofunga breki, wa nyuma anabana magoti na kuegemeza viganja kiunoni mwa dereva au kwenye tangi, asimlalie mgongoni. Kofia zikigongana kila mara, dereva anachelewa kufunga mafuta. Wa nyuma hana kosa.

Kwenye mvua hamtasikilizana, kwa hiyo kubalianeni ishara za mkono kabla. Pigo moja begani ni punguza, mawili ni simama mahali salama, na goti la kushoto likibanwa maana yake kuna gari kubwa linakuja nyuma. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani. Vioo vya pikipiki vikilowa havionyeshi kitu, na wa nyuma anaweza kugeuka kila nusu dakika bila kuyumbisha chombo, mradi ageuze kichwa tu.

Barabarani

Dakika ishirini za kwanza za mvua baada ya siku kavu ndizo mbaya. Oili na dizeli vilivyodondoka kwenye lami hupanda juu ya maji. Simameni, kunyweni chai ya tangawizi, mvua iioshe barabara. Sehemu za dizeli zinajulikana: nje ya sheli, karibu na mizani, stendi za mabasi, na kona zinazokuja baada ya sheli, ambako matangi yaliyojazwa mno hufurika.

Kwenye mwendo wa 60 mnakwenda mita 17 kila sekunde, kwenye 80 ni 22. Lakini urefu wa kufunga breki hauongezeki kwa uwiano huo. Kutoka 60 kwenda 80 unakaribia kuwa mara mbili, na lami iliyolowa inauongeza tena. Sisi tunasema 60 ndio mwisho wa wawili kwenye mvua, na 50 vijijini, ambako ndiyo sheria na askari wenye tochi wapo hata sikukuu. Gari la mbele lipite alama, hesabuni sekunde nne kabla ya kuifikia. Tofauti na mkiwa mmoja, breki ya nyuma ina kazi kubwa kwa sababu uzito uko juu yake. Anzeni nayo, kisha ya mbele kwa kuikaza taratibu, pikipiki ikiwa imenyooka.

Rangi ya barabarani inateleza kuliko lami: mistari, vivuko, na ile nene wanayopaka juu ya matuta. Tuta lipandwe wima, mafuta yakiwa yamefungwa kabla na klachi haijavutwa, breki imeachiwa. Kufunga breki juu ya tuta lililolowa mkiwa wawili ndiyo njia rahisi ya kulala chini. Rasta nazo zipitwe hivyo hivyo.

Bagamoyo hadi Msata barabara ni nzuri, lakini inapokatiza bonde la Ruvu imeinuliwa juu ya tambarare na hakuna kitu cha kuzuia upepo. Kusi, upepo wa kusini, likishaanza linawapiga kutoka kushoto mnapoelekea Msata, kulia mnaporudi. Legezeni mikono, shukeni hadi 50, na wa nyuma ajikunje nyuma ya dereva. Kiwangwa panafaa kwa mapumziko ya kwanza, mananasi yapo na paa zipo. Msata mnaingia barabara ya malori na mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha, na hapo safari inabadilika. Malori yamebonyeza lami ikawa na mifereji miwili, na mvua inaijaza. Mahali lami ilipo sawa, piteni kwenye alama ya matairi ya kulia ya magari, ndipo pasafi. Mahali ilipobonyea, sogeeni nje ya mfereji kuelekea kushoto, na msiuvuke kwa pembe nyembamba, ukingo wake unashika tairi. Basi likiwapita, upepo wake unawasukuma kushoto kwanza, kisha unawavuta kulia kuelekea ubavu wake. Wa nyuma akishabana goti, dereva apunguze na aache liende. Kushindana na basi la sikukuu hakuna tija. Maji ya tope yanayorushwa na malori yanafutwa kwenye kioo kwa kidole gumba cha kushoto, ambacho mmeshakigundishia kipande cha mpira wa waipa.

Mteremko wa Wami shukeni kwa gia ya tatu, breki ziguswe tu. Kati ya Segera, Hale na Muheza kona ni nyingi na mashamba ya mkonge hutoa trekta zinazoacha tope jekundu kwenye lami. Tope jembamba la hivyo linateleza kuliko maji.

Mafuta: wawili kwenye mvua, pigeni kilomita 35 kwa lita. Kilomita 330 ni lita 9 na nusu, karibu tangi zima la lita 11, kwa hiyo jazeni Bagamoyo na muongeze Segera. Sheli ambayo lori linashusha mafuta muda huo iruke. Maji na uchafu vya chini ya tangi la ardhini vimevurugwa, na vitaingia kwenu.

Maji yakiingia

Dalili ya maji kwenye petroli ni pikipiki kusailensi vizuri (kunguruma bila kuvutwa mafuta) lakini kukohoa ikivutwa mafuta. Chini ya kikombe cha kabureta kuna skrubu ndogo. Fungeni koki, wekeni kifuniko cha chupa chini, legezeni skrubu: maji hukaa chini kama matone ya duara chini ya petroli. Fungueni koki sekunde chache vitoke vyote, kazeni. Dakika tano. Kama haikuwa hivyo, kausheni kofia ya plagi kwanza kabla ya kufungua chochote kingine.

Maji yanayokatiza barabara: kama hamwoni mistari ya barabara chini yake na hamjamwona mwenyeji akivuka kwa mguu, msivuke. Kina kisizidi ekseli ya gurudumu, na yakiwa yanakimbia hata nusu ya hapo ni mengi. Wa nyuma ashuke avuke kwa miguu ikiwa maji yametulia. Gia ya kwanza, mafuta yasifungwe katikati. Injini ikizimika ndani ya maji, msiwashe. Isukumeni nje, toeni plagi, pigeni kiki mara kumi mpaka maji yaache kuruka kwenye tundu, angalieni ea klina, kisha rudisheni plagi kavu. Ukipiga stata silinda ikiwa na maji, fimbo ya pistoni inapinda, na hilo halitengenezwi barabarani.

Pangani

Tanga hadi Pangani ni kilomita 50 hivi, na Jumapili ni siku yake, bila mabegi. Magofu ya Tongoni yako njiani, baadaye Kigombe. Ujenzi wa barabara huhamahama na michepuko yake ni udongo, kwa hiyo ulizeni madereva wa daladala za Pangani asubuhi hiyo hiyo. Wakisema wamefunga minyororo kwenye matairi, kaeni Tanga. Mapango ya Amboni yako karibu, ingawa nayo hayapendezi mvua ikiwa kubwa.

Pasaka ina jambo lake na bahari. Tarehe yake hufuata mwezi mpevu, kwa hiyo mara nyingi bamvua, maji makuu ya bahari, huangukia ndani ya mapumziko hayo au siku chache kabla. Siku za bamvua kwetu maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, mitaro ya miji ya pwani haina pa kumwaga, na barabara za chini hujaa ndani ya dakika chache. Maji yakipwa, gati la kivuko huacha mteremko mrefu wenye utelezi wa tope la mto. Mkitaka kuvuka kwenda Bweni, wa nyuma ashuke, dereva aingie kwa gia ya kwanza bila kugusa breki ya mbele. Msiendeshe ufukweni kwa ajili ya picha. Mchanga uliolowa unaonekana mgumu, lakini chumvi inayorushwa na gurudumu inaingia kwenye cheni, spoku na soketi za taa, na mvua haiifikii huko ndani kuiosha.

Kila jioni, mwagieni pikipiki maji baridi ya bomba kwa ndoo na kitambaa. Mashine ya presha ikielekezwa kwenye ekseli inasukuma maji ndani ya beringi. Ombeni gesti yenye paa la kuegesha. Mabuti yajazwe magazeti, yabadilishwe kabla ya kulala, na makoti yaning'inizwe mbele ya feni yakiwa yamegeuzwa nje ndani.

Kurudi

Jumatatu ni kilomita 330 kwa mkupuo, kusi likiwa usoni na mabasi yote ya sikukuu yakirudi Dar. Hapa ndipo watu huchoka wakakosea. Tokeni saa kumi na mbili na nusu, simameni kila kilomita 60 hata kama hamjachoka, na kama nyote mna leseni, badilishaneni Segera na Msata. Njia nyingine ni kulala Muheza Jumapili jioni, mnapunguza kilomita 35. Mchana kuleni kidogo. Wali wa kushiba na mvua ya saa nane huleta usingizi.

Mkifika, kabla ya kuirudisha pikipiki kwenye kazi zake za kila siku, fundi afungue ngoma zote mbili, afute tope la breki shuu na apake grisi kwenye kamu ya breki tu. Punguzeni upepo wa nyuma hadi 28, rudisheni shokapu na taa zilipokuwa. Tikiseni gurudumu la nyuma kushoto na kulia, likicheza beringi imekwisha. Fungueni kifuniko cha oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, kuna maji. Mwageni, wekeni mpya ya bei rahisi, washeni dakika kumi bila kuendesha, mwageni tena, kisha ndipo mweke ile nzuri.